Kona ya Mwalimu: Batri mbili za kamio letu

 

Juma hili nilitaka kuendelea na habari ya mitihani ya watoto wa darasa la sita, lakini sokoni kila ninayekutana naye ananiuliza: "Mama Mwalimu, yale maneno ya batri yaliishia wapi?" Niliahidi mkutanoni kwamba nitayaandika. Basi ninayaandika yote, hata yanayonihusu mimi, maana kosa lilianzia kwangu.

Kwa wale ambao hawakuwapo: kamio la ushirika wetu linabeba mihogo, mawese na ndizi kutoka upande wa Baraka na Fizi hadi Uvira. Mwezi wa tatu wa mwaka jana tulinunua batri mbili mpya, dola 240 zote mbili. Mwezi wa nane, alfajiri moja kule Baraka, shofa akazungusha ufunguo, kamio likakohoa mara moja, likanyamaza. Siku mbili wamama walikaa kando ya mizigo yao wakingoja. Mnajua mhogo mbichi ukikaa: ukiuvunja, ndani unaonyesha mistari ya bluu na nyeusi, na mnunuzi anauangalia na kupita. Wamama wanne walirudi bila mtaji. Mmoja wao bado anadaiwa na likelemba yake hadi leo.

Fundi wa njiani alisema batri moja imekufa, ile nyingine ni nzima. Tukanunua moja. Mwezi wa kumi ile mpya nayo ikaanza kuchoka, na kila asubuhi watu wanasukuma kamio. Hapo ndipo maneno yakaanza. Batri mpya inakufaje kwa miezi miwili? Mmoja akasema shofa anauza batri yetu na kuweka ya zamani iliyofutwa vumbi. Mwingine akasema alimwona akiongea na mfanyabiashara wa batri. Kwenye mkutano tukaamua akatwe dola 15 kila mwezi mpaka deni liishe. Kijana alisimama, akasema: "Wamama wangu, mkisema nilipe, nitalipa. Lakini batri ni zile zile." Akakaa. Tulipopiga kura, mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mingine.

Mwezi wa kumi na mbili, mzee fundi wa garaji tunayotengenezea kamio alinituma mtoto kuniita. "Mwalimu," akasema, "wewe si unafundisha fizikia? Njoo na kile kipimo chako cha volti, changu kimepasuka." Nilikwenda nikidhani ni kazi ya dakika tano, na nilirudi nyumbani saa moja ya usiku.

Kabla sijasema tulichokiona, tuangalie kwanza kwa nini kamio lina batri mbili, maana gari dogo lina moja na linatembea.

Chukueni batri moja ya kawaida. Ikiwa ni ya kufunguka, hesabuni vifuniko vyake vya juu: ni sita. Kila kifuniko ni mlango wa chumba kidogo chenye sahani za risasi na maji ya asidi, na kila chumba kinatoa karibu volti 2. Vyumba sita vimefungwa kwa mfululizo, yaani mwisho wa kimoja umeshikana na mwanzo wa kingine, kama wanawake wanaopokezana ndoo kutoka ziwani. Volti zinajumlishwa: sita mara mbili, 12. Jambo hili si geni. Mwitaliano Alessandro Volta alilifanya mwaka 1800, alipopanga vipande vya madini mawili tofauti kimoja juu ya kingine, katikati ameweka kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Kadiri rundo lilivyopanda, nguvu iliongezeka. Batri ya risasi inayoweza kuchajiwa tena ilikuja baadaye, mwaka 1859, kwa Mfaransa Gaston Planté. Ile iliyo chini ya kiti cha kamio ni mjukuu wake.

Sasa kamio lina mota kubwa ya mazutu. Kuigeuza asubuhi kunataka nguvu nyingi. Tuseme demareri inataka wati 4.800. Kwa volti 12 ni lazima ampea 400 zipite katika waya, kwa volti 24 zinatosha ampea 200. Ndiyo maana wanaotengeneza makamio wanafunga batri mbili za volti 12 kwa mfululizo: ncha ya + ya moja inaunganishwa na ncha ya – ya nyingine kwa waya mfupi mnene. Zinabaki ncha mbili huru. Ile ya – inakwenda kwenye mwili wa gari, mafundi wanaiita masi. Ile ya + inakwenda kwenye demareri na kazi nyingine. Kati ya ncha hizo mbili kuna volti 24.

Angalieni jambo moja ambalo hata wanafunzi wangu wa humanités wanakosea. Batri mbili za ampea-saa 100 kwa mfululizo hazifanyi ampea-saa 200. Volti zinaongezeka, ampea-saa zinabaki 100. Zile zinazoongeza ampea-saa ni batri zilizofungwa sambamba, + kwa + na – kwa –, kama wengi wanavyofanya nyumbani na umeme wa jua, na hapo volti zinabaki 12. Ukichanganya njia hizi mbili bila kujua, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Turudi garajini. Mota ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Mzee akapima batri zote mbili pamoja: 24,6. Akaniuliza, "Unaonaje?" Nikasema si mbaya sana. Batri mbili zilizojaa, zikiwa zimepumzika, zinatoa kama 25,4, basi hizi zimepungua kidogo tu. Akacheka. "Ndivyo kila mtu anavyosema. Sasa pima moja moja."

Ile ya upande wa masi, ambayo ndiyo mpya ya mwezi wa nane: 11,9. Hiyo ni batri tupu. Ile nyingine, ya mwezi wa tatu: 12,7. Hiyo imejaa. Jumla ilikuwa imeficha yote, kama wastani wa darasa unavyomficha mtoto aliyepata sifuri.

Tukawasha mota kwa kusukumwa. Alternateri, ile ambayo wengi wanaiita dinamo, ikaanza kuchaji. Jumla: 28,2, namba nzuri kabisa kwa kamio. Moja moja: ile tupu ilikuwa inapata 13,1, na ile iliyojaa 15,1. Batri ya volti 12 inapenda kuchajiwa kwa 14 na kidogo. Kwa 13,1 haitashiba hata ukienda Uvira na kurudi. Kwa 15,1 inachemka. Mzee akafungua vifuniko vya ile iliyojaa akamulika na tochi: maji yalikuwa yamekauka mpaka sahani zinaonekana, nyeupe kwa juu kama midomo ya mgonjwa.

Nilisimama pale nikiwa na diploma yangu ya ISP na sikuwa na neno.

Elezo lake ni hili, na nitalisema kwa uji, maana ndivyo nilivyolieleza shuleni juma lililofuata. Mama ana watoto wawili mezani. Sheria ya nyumba hii ni kwamba kila kijiko anachopewa mmoja, na mwenzake anapewa kile kile, wakati ule ule. Mama haangalii tumbo la kila mtoto, anaangalia shibe yao kwa jumla. Watoto wakija na njaa sawa, wanashiba pamoja na mama anaacha. Lakini mmoja akiwa ameshakula kwa jirani, atavimba tumbo na kutapika, na mama atakapoona jumla imetosha ataacha, wakati yule mwingine bado analamba vidole. Kesho tena hivyo hivyo. Umeme unaopita katika batri zilizofungwa kwa mfululizo ni ule ule kwa zote, na alternateri inaona ncha mbili za mwisho tu. Haijui kilicho katikati.

Na ni nani aliyekuwa anamnyima chakula mtoto mmoja peke yake? Hapa ninafika kwangu.

Mwezi wa nne wa mwaka jana ni mimi niliyesimama mkutanoni nikasema wamama wanapakia usiku katika giza, tuweke taa mbili nyuma ya kamio, na mahali pa kuchaji simu, na redio kidogo. Mlipiga makofi. Kijana mmoja wa kufunga taa alikuja na taa za volti 12, kwa sababu za 24 hazikupatikana upesi. Volti 12 angezitoa wapi katika gari la 24? Alifunga waya mmoja kwenye masi, mwingine kwenye ule waya mfupi unaounganisha batri mbili. Hapo katikati kuna volti 12 kweli. Taa zikawaka, tukamlipa, tukamshukuru.

Hesabu yake ni hii. Taa mbili za wati 20 ni wati 40. Gawanya kwa 12, unapata ampea 3,3. Ongeza redio na simu, tuseme ampea 4. Kupakia kunachukua saa tano: ampea-saa 20. Sehemu moja kwa tano ya batri ya ampea-saa 100, kila usiku wa safari, na yote inatoka katika batri moja, ile ya upande wa masi. Mwenzake haguswi. Asubuhi alternateri inazichaji kama vile zina njaa sawa. Ile ya chini inabaki nusu tupu juma baada ya juma, na risasi iliyokaa bila kujaa inashikwa na tabaka gumu ambalo mwishoni halitoki tena. Ile ya juu inakunywa maji yake yote, hasa kwa joto letu la hapa ziwani.

Hivyo moja ilikufa kwa njaa mwezi wa nane, tukaweka mpya mahali pale pale ikaanza kufa kwa njaa ile ile, na ya juu ilikuwa inakufa kwa shibe bila mtu kujua. Shofa hakuuza kitu.

Nilimuuliza mzee kama tungekuwa tunabadilisha mahali pa batri kila mwezi, hii juu, hii chini. Akasema anawajua wanaofanya hivyo, na kwamba wanaua zote mbili polepole badala ya moja upesi. Dawa ni kutogusa katikati kabisa. Taa za kupakia tulizibadilisha, sasa ni za volti 24, zinachukua kwenye ncha mbili za mwisho. Kwa redio na simu tulinunua kigeuzi, kiboksi kidogo kinachopokea volti 24 kutoka batri zote mbili na kutoa 12. Dola 35. Batri zikitoa, zinatoa sawa, na alternateri inazirudishia sawa. Karibu na batri tuliweka fyuzi, ili waya ukikatika na kugusa chuma, kiungue kitu cha bei ndogo wala si kamio.

Batri pia tulilazimika kubadilisha zote mbili, jina moja, ampea-saa moja, siku moja. Najua inauma kununua mbili wakati moja inaonekana nzima. Lakini kumfunga mpya na mzee katika mfululizo ni kurudia hadithi ya uji kwa njia nyingine: mzee anashiba upesi na anaishiwa upesi, na mpya inavutwa naye. Ile ya mwezi wa nane haikutupwa. Mzee aliichaji peke yake siku mbili ikafika 12,5, na ndiyo inayowasha taa ya ofisi yetu sasa. Inatosha kwa taa, kwa kamio haitoshi.

Kwa wale ambao jamaa zao zina makamio au basi za volti 24, nieleze kidogo kuhusu kuchaji nyumbani, maana nimeona mambo ya kutisha. Ukiwa na chaja ya volti 12, ondoa ule waya mfupi wa kati, uchaji batri moja moja. Kuifunga chaja ya 12 kwenye ncha za 24 hakusaidii kitu, na chaja ya 24 kwenye batri moja itaichemsha. Ampea ziwe kama sehemu ya kumi ya ampea-saa: batri ya 100, ampea 10, na iwe na usiku mzima, kama umeme utakubali kulala nasi. Ukifungua batri kwenye gari, anza na waya wa masi. Ukizirudisha, masi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba ufunguo wa chuma ukigusa + na mwili wa gari kwa pamoja wakati masi imefungwa, unageuka moto mkononi mwako.

Batri inayochajiwa inatoa hidrojeni, na hidrojeni inalipuka kwa cheche moja. Basi isichajiwe jikoni karibu na makaa, wala katika chumba cha kulala watoto. Ninasema hivi kwa sababu nimeiona chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Vifuniko viangaliwe, maji yakipungua yaongezwe maji safi ya batri, yale yaliyochujwa kwa mvuke. Msiongeze asidi. Asidi haikauki, kinachokauka ni maji, na wengi wanaojaza asidi kila mwezi wanapika sahani zao wenyewe. Ikirukia jicho au ngozi, maji mengi, mengi sana, dakika 15 au zaidi, halafu kituo cha afya.

Na gari dogo la jirani lisiombwe kuwasha kamio kwa waya wa moja kwa moja. Volti 12 na volti 24 zikikutana hivyo, jirani atakudai mashine zake zote.

Batri iliyokufa isivunjwe nyumbani. Wavuvi wetu wanatafuta risasi ya kuweka kwenye nyavu, nalijua hilo, lakini vumbi lake na moshi wake vinaingia katika damu ya watoto na kuharibu ubongo unaokua. Zile zetu mbili zilizokufa zilirudishwa nzima kwa muuzaji, naye alitupunguzia bei kidogo.

Sasa lile deni. Shofa alikuwa amekwisha kukatwa miezi miwili, dola 30. Mama mhazini alisema pesa hazirudi bila mkutano kuandika upya, na alikuwa na haki. Jumamosi iliyopita mkutano uliandika upya. Nilisimama kwanza, nikasema mbele ya wote kwamba taa niliziomba mimi na mkono niliuinua mimi, nikamwomba msamaha kwa jina lake. Wamama wengine wawili walisimama baada yangu. Alihesabu zile dola 30, akazikunja, akashukuru. Halafu akasema ana ombi: asubuhi kabla ya safari ruhusa ya kupima batri moja moja iandikwe katika daftari la kamio, na kipimo kinunuliwe, kisiwe cha kuazima. Mkutano ulikubali. Kimeshanunuliwa, kiko ndani ya gari.

Changu kimerudi shuleni. Mwenye kamio au basi nyumbani anaweza kuja nacho au kunituma mtoto, jioni baada ya saa tisa, isipokuwa Jumatano ambapo ninasahihisha madaftari.